Mambo ya Nyumbani: Mbwa ni Wako, Meno ni ya Wote



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya ghala, na jinsi ya kuikinga nafaka isiharibiwe na wadudu. Mwezi huu twataka kusema juu ya mlinzi wa ghala hilo, naye ni mbwa. Tumemchagua kwa sababu ya swali tuliloletewa na mama mmoja mwenye watoto wanne. Yeye auliza hivi: "Mbwa wa jirani akimwuma mwanangu, kosa ni la nani? Ni la mbwa, ni la mtoto aliyemchokoza, au ni la mwenye mbwa?" Swali ni fupi, lakini hatuwezi kulijibu vema pasipo kutazama kwanza jinsi tunavyokaa na mnyama huyu tangu jioni hata asubuhi.

Na tuanze na usiku. Kila akaaye Itigi avijua vichaka vyetu. Wataalamu wa mimea wa nchi za mbali nao wavijua, na wamevipa jina la mji wetu. Ni miti mifupi, mita 3 hata 5 kwenda juu, tena imesongamana hata mtu hawezi kupenya pasipo panga. Humo fisi hujificha mchana, na usiku hutoka kutafuta mbuzi. Mwenye zizi hana macho ya kuona gizani, wala hana pua ya kunusa kilicho nyuma ya ua. Mbwa anavyo vyote viwili. Aliyemzoea mbwa wake hutambua kwa sauti tu kama ajaye ni fisi, au ni mgeni, au ni jirani aliyechelewa njiani. Garimoshi hupita nchi hii tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, nalo kwa kishindo chake chote halimwamshi mbwa wa Itigi. Lakini hatua za mtu mmoja aendaye pole pole karibu na zizi humwinua mara moja. Amejifunza mwenyewe lipi la kumhusu na lipi lisilomhusu, na wanadamu wengi hawajafika darasa hilo.

Kukipambazuka, kazi yake haijaisha. Yeye hufuatana na watoto machungani. Mahindi yakikomaa, hushinda shambani kuwafukuza nyani na ngedere. Mrina asali aingiapo porini kutazama mizinga yake, aghalabu mbwa humtangulia na kumwonya akisikia harufu ya nyama mkali. Hata katika Kitabu cha Tobia, kijana alipoondoka kwenda safari ya mbali pamoja na malaika, mbwa wake alifuatana nao.

Zamani wageni waliwaita mbwa zetu kwa jina la dharau, wakisema ni "mbwa shenzi," kana kwamba ni takataka za mbwa wa Ulaya. Baadhi yetu tukaliokota neno hilo na kulitumia sisi wenyewe. Mwaka 2009 wataalamu waliopima damu ya mbwa wa vijijini katika nchi kadhaa za Afrika walionyesha kwamba mbwa wa vijijini wa Uganda karibu wote si machotara wa mbwa wa kigeni, bali ni wazao wa mbwa wa kale wa bara hili. Basi mbwa mwembamba alalaye mlangoni pako, mwenye rangi ya udongo na mkia uliojikunja, huenda ana ukoo mrefu kuliko mbwa wengi wauzwao mjini kwa fedha nyingi.

Mfanyakazi wa namna hii astahili ujira, na ujira wake ni chakula na maji. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Wako watu wasemao: "Sisi wenyewe hatushibi, mbwa tumpe nini?" Twajua kwamba miaka mingine mvua hukataa, na ghala huonyesha sakafu kabla ya mavuno. Lakini mbwa haombi nyama kila siku. Ukoko wa ugali uliolowekwa kwa mchuzi au kwa maziwa yaliyoganda humtosha, pamoja na chombo cha maji kilicho chake mwenyewe. Wakati wa kiangazi chombo hicho kijazwe asubuhi na jioni, maana mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na kwa kuhema hupoteza maji mengi.

Tazameni sasa jinsi njaa ya mbwa mmoja inavyokuwa taabu ya mtaa. Mbwa asiyelishwa kwake hakai kwake. Atakwenda kula mayai ya jirani, kisha vifaranga, kisha atazoea jalala la sokoni. Huko jalalani hukutana na mbwa wengine wasio na wenyewe, hupigana nao, na majeraha aliyoyapata hurudi nayo nyumbani kwa watoto wako. Kwa hiyo bakuli la ugali limwekwalo mbwa jioni si sadaka kwa mbwa tu. Ni ua tunaouzungushia mji wetu.

Kuna jambo moja juu ya chakula chake ambalo wachinjaji wengi hawalijui. Mbuzi au kondoo akichinjwa, na ini lake au mapafu yake yakaonekana yana malengelenge yaliyojaa maji, watu husema, "Mtupieni mbwa." Hilo ni kosa kubwa. Ndani ya malengelenge hayo mna vijidudu ambavyo vikiingia tumboni mwa mbwa huwa tegu wadogo. Mayai ya tegu hao hutoka katika mavi ya mbwa, hushikamana na manyoya yake, na mtoto amshikaye mbwa kisha akala pasipo kunawa huyameza. Baadaye malengelenge yale yale huota katika ini la mtoto. Kitu kama hicho kichomwe moto, au kifukiwe chini sana asipoweza kukifukua. Tena watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni kila wamalizapo kucheza na mbwa.

Baada ya chakula ni jina. Jambo hili huonekana dogo, lakini limevunja urafiki wa nyumba nyingi. Mtu akikasirishwa na jirani hana ujasiri wa kumwambia usoni, basi humwita mbwa wake "Wivu," au "Wanafiki," au "Mtasema Sana." Kila jioni husimama uani na kupaza sauti: "Wivu! Wivu, njoo ule!" Jirani hukaa nyumbani mwake akisikia, naye aelewa. Akiuliza, huambiwa, "Mimi nilikuwa nikimwita mbwa wangu." Ndugu zetu, mbwa hajui maana ya jina lake, hujua sauti tu. Mwenye kuumia ni jirani, na mwenye kujifunza kusengenya ni mtoto wako, ambaye hutumwa kila siku kulitangaza tusi la baba yake. Ukiwa na neno na mwenzako, nenda ukamwambie. Mbwa na aitwe Simba, au Tai, au jina lolote uwezalo kulitaja mbele ya watu wote pasipo mtu kuinamisha kichwa.

Waswahili husema: ukicheza na mbwa, atakufuata msikitini. Sisi twaweza kushuhudia kwamba hufuata hata kanisani. Jumapili nyingi tumewaona wakiingia nyuma ya mabwana zao, wakilala chini ya mabenchi, na mara mbili au tatu kuanza ugomvi wakati wa mahubiri. Hatuna haja ya kuwapiga kwa fimbo mbele ya watu wote na kuwafanya watoto wacheke. Dawa yake ni rahisi: mfunge nyumbani kivulini, mwekee maji, ndipo uondoke.

Kadhalika tuwakumbuke jirani zetu Waislamu, ambao tumekaa nao katika mji huu wa reli miaka mingi kwa amani. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara 7, mara moja kwa udongo. Si kwamba wamchukia mnyama huyu; wao pia wana habari ya vijana waliolala pangoni miaka mingi, na mbwa wao akalala pamoja nao kizingitini. Lakini mbwa wako akiingia jikoni mwa mtu aliyetawadha akielekea sala, umemtia taabu ambayo wewe huioni. Heshima kwa jirani ni kulijua lile limwudhilo, hata kama wewe haliku­udhi.

Sasa twafika mahali penye uzito, na twawaomba msome pole pole, na wasiojua kusoma wasomewe. Twataka kusema juu ya kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu hukaa katika mate. Mbwa mgonjwa akiuma, au akilamba kidonda, vijidudu vyake huingia katika mishipa ya fahamu na kusafiri pole pole kuelekea ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi 2 au 3; pengine juma moja tu, pengine hata mwaka. Wakati huo wote aliyeumwa hucheza, hula, hulala, na kidonda chake kimekwisha kupona. Dalili zikisha kutokea, yaani homa, wasiwasi, na kuogopa maji hali ana kiu, hakuna dawa ya kumwokoa ijulikanayo, na karibu wote hufa. Lakini akitibiwa mapema, kabla ya dalili, hupona. Ni magonjwa machache yaliyo na mlango mpana namna hii mwanzoni, na ukuta mnene namna hii mwishoni.

Mlango huo ulifunguliwa zamani. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumdunga sindano mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akaishi hata akawa mtu mzima. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na kwa ajili hiyo kila mwaka tarehe 28 Septemba ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Hata hivyo, baada ya miaka mingi namna hiyo, hesabu iliyotolewa mwaka 2002 ilikadiria kwamba katika Tanzania watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Mwaka 2015 wataalamu walikadiria wafu wa ulimwengu mzima kuwa 59,000 hivi kwa mwaka. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na wengi walikuwa watoto wa vijijini. Hawakufa kwa sababu dawa haijagunduliwa. Wengi walikufa kwa sababu hawakujua, au walichelewa, au nauli ilikosekana.

Je, ugonjwa huu waweza kuondolewa? Waweza. Wataalamu husema kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tazameni kisiwa cha Pemba. Watu wake karibu wote ni Waislamu, na mbwa si wengi, lakini ugonjwa ulikuwapo. Kazi ya kuwachanja mbwa wa kisiwa hicho ilifanywa tangu mwaka 2010, na mwaka 2014 kichaa kikakoma. Mwaka 2016 kikaletwa tena kutoka bara. Wakawachanja mbwa upya, na mwaka 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Hapo pana mafundisho mawili: kwamba kazi yawezekana, na kwamba anayelegea hulazimika kuianza tena.

Tena chanjo ya mbwa zetu ni kinga hata kwa wanyama wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, uliingia kwa simba wa Serengeti, na simba wapatao 1,000 wakafa, yaani theluthi moja ya simba wote wa huko. Mbwa wa vijijini walitajwa kuwa ndio asili yake. Sisi tuna Pori la Akiba la Rungwa upande wetu wa kusini, lenye simba na mbwa mwitu. Basi habari hiyo si ya watu wa mbali tu.

Na sasa turudi kwa mama yetu na swali lake. Mwaka mmoja tuliitwa kusuluhisha shauri la namna hiyo. Mbwa mdogo, mtoto wa miezi minne, alikuwa amemng'ata kijana wa jirani kidoleni. Baba wa kijana alisema, "Mbwa huyu auawe leo." Mwenye mbwa akajibu, "Mwanao ndiye aliyemvuta mkia. Tena mbwa mwenyewe ni mtoto, atapataje kichaa?" Maneno yakazidi, majirani wakakusanyika, kila mmoja na upande wake. Ndipo bibi mmoja mzee, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mboga, akainua uso akasema: "Wanangu, ninyi mwashindana juu ya mbwa, na mate yake yamo katika kidole cha mtoto. Mpelekeni mjukuu wangu kwanza. Mkirudi, mtagombana."

Wote wakanyamaza. Kidole kikaoshwa, kijana akapelekwa hospitali siku ile ile. Mwenye mbwa aliuza kuku wawili ili achangie gharama. Mbwa alifungwa kamba akatazamwa. Siku ya kumi na moja alikuwa mzima, anakula. Hata hivyo kijana alizimaliza sindano zake zote kama mganga alivyoamuru, na baadaye mbwa naye akachanjwa. Baba zao hawakuwa marafiki wakubwa baada ya hapo, lakini walisalimiana, na hilo si jambo dogo.

Basi jibu letu kwa mama ni hili. Mbwa hana hukumu, kwa sababu hana akili ya kupambanua. Mtoto afundishwe asimvute mbwa mkia, asimguse alapo, wala asimkaribie mbwa jike mwenye watoto. Lakini utoto wake si kosa. Deni ni la mwenye mbwa. Siku ile alipomfungia kamba ya kwanza shingoni na kumpa jina, aliahidi mbele ya mtaa mzima, hata kama hakutamka neno. Faida ya mbwa huipata yeye. Si haki hasara wapate wengine.

Deni hilo hulipwa kwa mambo manne. Amlishe, ili asizurure. Amfunge au amfungie penye watu wengi. Ampeleke kuchanjwa afikapo umri wa miezi 3, na kila mwaka baada ya hapo; siku za kampeni chanjo hii mara nyingi hutolewa bure, na bwana mifugo ataeleza siku na mahali. Na mbwa wake akiuma mtu, asifiche wala asibishane, bali awe wa kwanza kushika maji na sabuni.

Nanyi wazazi, yawekeni haya moyoni. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, hata kama ni dogo kama alama ya mwiba. Msipake pilipili, wala majivu, wala mafuta, wala majani. Siku hiyo hiyo aende hospitali, apate sindano, na azimalize zote kwa tarehe zake. Mbwa akiweza kufungwa salama, afungwe, atazamwe siku 10. Lakini sindano zisingoje siku hizo zipite. Mbwa aliyegeuka tabia, adondokaye mate, aliyelegea taya, aumaye mawe na miti, asikaribiwe na mtu. Habari zake zipelekwe kwa bwana mifugo upesi. Zaidi ya yote, mtoto asipigwe kwa sababu alimchezea mbwa. Mtoto aogopaye fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo liuwalo.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutazungumza juu ya mizinga ya nyuki, na jinsi ya kurina asali pasipo kuteketeza pori. Aliye na swali na alilete kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Nasi twawaomba kila mmoja, afikapo kwake jioni ya leo, atazame kama chombo cha maji cha mbwa hakijakauka, na ahesabu ni miezi mingapi imepita tangu mbwa huyo achanjwe.

Kwaherini.